Kinyota cha Mita

Mke wangu Toyoe anasoma mita za maji.
Miaka thelathini na mmoja, mteremko kwa mteremko,
katika mji huu wa chuma ambao nyumba zake
ni kama zilikuwa zikiikimbia bahari
zikachoka katikati ya mlima.
Anapiga goti, anafunua kifuniko,
anapangusa theluji kwa glavu,
anasoma tarakimu kwa sauti hata akiwa peke yake.

Mimi nilikuwa mtu wa tanuri.
Kwa rangi tu nilijua chuma kimeiva.
Ushairi sikuujua,
nilidhani ni mambo ya walimu na ya matanga.

Siku moja nafua
(nimestaafu, zamu yangu sasa ni kufua),
mfukoni mwa koti lake nakuta karatasi za mita
zimelowa, zimegandana,
na nyuma yake penseli, mistari mitatu, minne.
Moja ilisomeka:

     Namba kumi na saba, ghorofa ya chini.
     Lita sifuri, mwezi wa sita mfululizo.
     Kambani soksi moja bado inakauka.

Nikauliza, hii nini?
Akasema, nyumba ya Bwana Isurugi.
Nikauliza, mbona haina mizani?
Akacheka. "Sihesabu mizani, Morio. Nahesabu lita."

Kitabu kilitoka akiwa na miaka sitini na mitatu.
Nakala mia mbili, jalada rangi ya saruji.
Arobaini na moja zimenunuliwa.
Zilizobaki tunaishi nazo,
kabatini, chini ya magodoro ya wageni
ambao hawaji.

Maktaba ya manispaa ikamwalika asome.
Walikuja watu tisa;
watatu wao, naapa, walikuwa wanakimbia theluji.
Alisoma kama anavyosoma mita:
kavu, namba ya nyumba kwanza.
Mama mmoja wa nyuma akanyosha mkono, kama darasani.
"Namba nane ni kwetu," akasema.
"Mama hakufa. Nimemchukua, yuko kwangu Sapporo.
Anakula vizuri."
Watu wakatazama viatu vyao.
Toyoe akainama, akaomba radhi, akatoa penseli,
akaandika papo hapo kitabuni,
na tangu siku ile kila nakala inayotoka kwetu
ina ukurasa wa kumi na mbili uliosahihishwa kwa mkono:
     anakula vizuri.

Katika kitabu kizima
hilo ndilo shairi ninalolipenda.
Sijamwambia.
Kuhusu mimi hakuandika hata neno.
Nimetafuta, mara mbili,
hadi kwenye anwani ya mpiga chapa.

Mwezi wa nne mita zitaanza kujisoma zenyewe.
Kijana wa ofisi alileta barua na keki ndogo.
Toyoe akasaini, akamkatia kijana kipande,
akamuuliza mashine hiyo mpya itajuaje
kwamba soksi bado iko kambani.
Kijana akasema atauliza.

Usiku wa jana, saa nane, akaniamsha.
Baridi ilikuwa ile ya kupasua mabomba.
"Umemwaga maji?" Nimemwaga.
"Umefunga yote?" Nimefunga yote.
"Basi njoo uone."

Tukachuchumaa uani, babu na bibi,
juu ya shimo la mita yetu wenyewe.
Ndani ya kioo mna kinyota cha fedha,
kidogo kuliko ukucha wa mtoto;
ukifunga kila kitu nacho bado kinazunguka,
kuna mahali panavuja.
Kilikuwa kinazunguka. Taratibu.
Kinasimama, kana kwamba kimesahau,
kisha kinaendelea.

Nikasema, asubuhi nitamwita fundi.
Nikasema, tangu lini?
Hakunijibu. Alikuwa amevua glavu moja,
anapapasa mfukoni.
Theluji ilianza kuniingia viatuni.
Nikamshikia tochi.